Kikohozi cha Mzee Wekoye

Mzee Wekoye alikuwa na kikohozi ambacho hakikutokana na ugonjwa. Kila alipotaka kupita karibu na jiko alikohoa mara mbili, kikavu, kama mtu anayegonga mlango. Dinah, mke wa mwanawe, akisikia hivyo alivuta kitambaa kichwani, akashusha leso, akageukia ukutani. Mzee akapita. Hakuna aliyemwona mwenzake. Waliishi hivyo ua mmoja, mtaa wa Tuwan, mjini Kitale, tangu Dinah alipoolewa, na hawakuwahi kugongana hata siku moja.

Hiyo ndiyo heshima ya mkwe kwa watu wa kwao, Malakisi. Baba mkwe na mke wa mwana hawashikani mikono, hawatazamani usoni, hawali pamoja, na mke wa mwana haingii chumba anacholala mzee. Anayevunja heshima hiyo, husema ukoo, laana haimwangukii yeye. Huwaangukia watoto wake. Wengi waliohamia mjini walikuwa wamekwisha kuyaacha mambo hayo. Mzee Wekoye hakuyaacha. Alisema yeye ni askari, na askari haachi lindo kwa sababu wenzake wamelala.

Lakini mtu asidhani alikuwa mkali. Kila Jumapili asubuhi alikusanya viatu vyote vya nyumba ile, akakaa kwenye kigogo nje, akavipaka rangi na kuvisugua kwa brashi mpaka ukiviinamia unaona uso wako. Ndivyo alivyofunzwa jeshini. Alisugua vya Hesbon, mwanawe wa pekee, akasugua vya mjukuu wake Emmy, kisha vya Dinah. Vya Dinah alivipanga mlangoni pa jiko, pua zikiangalia ndani, akakohoa, akaenda zake.

"Emmy, mwambie babu asante," Dinah husema kutoka jikoni.

Mzee, aliyekuwa palepale nyuma ya ukuta na amesikia kila neno, humjibu Emmy: "Mwambie mama yako avivae. Asiviweke tu kama picha."

Dinah aliyajua maisha ya mzee kwa kuyasikia ukutani hivyo hivyo. Jioni mzee aliketi nje ya jiko, mgongo ukutani, akimsimulia Emmy. Na Dinah ndani akisonga ugali, mwiko ukipunguza mwendo kila hadithi ilipofika patamu. Alijua kwamba mzee alizaliwa Malakisi kwa wakulima wa tumbaku, akakua na vidole vyeusi vya utomvu. Alijua kwamba aliingia jeshini uhuru ukiwa bado mpya, akapelekwa kaskazini kwenye vita vya mpakani, akapewa lori la maji. "Kule," mzee alisema, "maji yalikuwa na cheo kushinda afisa. Afisa alinipigia saluti mimi, si kwa sababu ya uso huu."

Na alijua habari za Chesang. Huyu alikuwa kijana wa miteremko ya Mlima Elgon, aliyekaa kando ya Wekoye ndani ya lori lile. Walitaniana mchana kutwa kwa vyakula vya kwao. Chesang alimwita mla kuku, naye akamwita mnywa maziwa. Siku moja gurudumu la mbele likakanyaga bomu lililofukiwa njiani. Wekoye alitoka na sikio moja limekufa. Chesang alivunjika kuanzia kiunoni kwenda chini. Wakabaki pale wawili, wakingoja msaada, jua likipanda.

"Alijichafua," mzee alisema. "Mtu akiumia hivyo hajizuii. Akaniambia, Wekoye, usinitazame. Nikafungulia maji ya tangi, nikamwosha nikiangalia juu. Kulikuwa na mwewe anazunguka. Nikamwangalia huyo mwewe mpaka nikamaliza."

"Sasa babu," Emmy akauliza, "kama ulikuwa unaangalia juu, ulijuaje amekuwa safi?"

"Mkono unajua."

Kisha akasema kwamba Chesang alikufa kabla ya jua kutua. "Lakini alikufa safi."

Alipotoka jeshini mzee aliendesha trekta kwenye shamba moja nje ya Kitale, akanunua kiwanja Tuwan, akalea. Mungu alimpa mtoto mmoja tu. Ndugu zake walikuja kutoka Malakisi kumshauri aongeze mke, kwa kuwa mtoto mmoja ni jicho moja. Aliwapa chai, akawajibu: "Risasi moja ikilengwa vizuri inatosha." Mkewe, Agneta, alipougua ugonjwa wa tumbo, mzee ndiye aliyempikia uji, akamlisha kwa kijiko, akapita uani akibeba beseni lake mchana kweupe. Wanaume wa Tuwan walimcheka.

"Afande, siku hizi umekuwa yaya?"

"Ndiyo," alisema. "Cheo kimepanda."

Kabla ya kufa, Agneta aliwaita Hesbon na Dinah. Aliwaambia wafungue heshima ile mapema, maana mzee anazeeka na nyumba haina binti. Kufungua kulikuwako. Mke wa mwana humpa baba mkwe blanketi jipya mkononi, mbele ya wazee wa ukoo, na mzee humwita mwanangu, kwa kinywa chake. Kuanzia hapo anaweza kumshika, kumlisha, hata kumzika. Hesbon alikubali. Lakini jambo hilo hufanyika nyumbani Malakisi, na kila Krismasi palikuwa na kizuizi: mara mvua, mara msiba, mara lori la Hesbon limeharibikia njia ya Lodwar. Mzee mwenyewe hakuwahimiza. Dinah naye, kusema kweli, hakuona haraka. Aliona wana heshima nzuri, yenye viatu vinavyong'aa.

Mwaka wa elfu mbili na tano, mahindi yakianza kutoa ndevu, mzee akapigwa na kiharusi. Alikuwa anasugua viatu. Brashi ilianguka, naye akaifuata. Hospitali walimrudisha akiwa upande wa kulia wote umekufa, mdomo umepinda, jicho la kulia likitoa machozi mchana kutwa bila kulia. Na sauti haikuwapo. Kila alichotaka kusema kilitoka kama upepo kwenye tundu la ufunguo.

Hapo ndipo Hesbon alipokimbilia Malakisi, akarudi na shangazi yake, Senge Sellah, pamoja na mzee mmoja wa ukoo. Dinah alikuwa amenunua blanketi, jekundu lenye mistari myeusi. Mzee aliketishwa mlangoni pa chumba chake. Dinah akatembea kwa magoti, uso chini, akanyoosha blanketi. Mkono wa kushoto wa mzee ukatoka, ukaligusa. Kila mtu akangoja. Mdomo wa mzee ukafunguka, ukahangaika. Mishipa ya shingo ikasimama. Hakuna kilichotoka ila ute.

"Hajasema," Senge Sellah akasema.

"Senge, si ameshika blanketi?" Hesbon akamwambia. "Mkono umekubali."

"Mkono si mdomo."

"Lakini mdomo umekufa, Senge! Sasa atasema na nini?"

"Usinipigie kerere, Hesbon. Si mimi niliyeiweka hiyo sheria. Mlikuwa na Krismasi ngapi hapa Kitare? Mlikuwa mnakula kuku tu." Akachukua blanketi, akalikunja, akaliweka juu ya sanduku la mzee. "Halijapokewa. Likae hapo mpaka Mungu amrudishie neno. Na wewe mama, usimguse. Una mtoto mmoja, mfikirie."

Walipoondoka, mambo yalikaa vilevile. Emmy alikuwa shule ya bweni upande wa Bungoma. Hesbon alikuwa barabarani siku nyingi kuliko alizokuwa nyumbani, na angeacha lori watu wangekula nini? Aliyewaokoa ni jirani yao Sharifo, fundi cherehani mwenye kibanda karibu na msikiti. Yeye na mzee walikuwa wamecheza bao pamoja kwa miaka. Sharifo alikuja asubuhi na jioni, akamgeuza mzee, akamwosha, akambadilisha nguo, akimpigia porojo muda wote.

"Afande, leo unanuka kama waziri. Simama basi tuende baraza."

Dinah alipika, akaponda chakula, akakiweka kwenye kizingiti cha mlango. Sharifo alikipokea, akamlisha. Dinah akabaki nje, akisikia kijiko kikigonga bakuli. Hapakuwa tena na hadithi ukutani. Yeye sasa ndiye aliyekohoa. Akija na bakuli alikohoa mara mbili, ili mzee, ambaye hakuweza kukohoa, ajue ni nani, afumbe macho.

Ikawa hivyo mpaka msimu wa kuvuna. Ijumaa moja Sharifo alisafiri kwenda Bungoma kumwona binti yake Leila aliyejifungua. Alimwachia kazi mpwa wake, Nasir, mwendesha bodaboda ya baiskeli.

"Usijali, mathe," Nasir alimwambia Dinah asubuhi, alipomaliza kumgeuza mzee. "Swala ikiisha tu, niko hapa. Huyo buda ni wetu sote."

Mvua ilikuja kabla ya adhuhuri. Dinah alikuwa anapukuchua mahindi jikoni aliposikia kitu kizito kikianguka chumbani, kisha bakuli la bati likizunguka sakafuni mpaka likatulia. Alikimbia mpaka kizingitini. Hapo miguu ikagoma.

Mlango ulikuwa nusu wazi. Aliona mguu mmoja tu wa mzee, mwembamba, umekwama kati ya kitanda na ukuta. Alisikia pumzi yake. Harufu ikamwambia mengine.

"Baba," alisema. Hakuwahi kumwita bila kumpitia mtoto. "Baba, ngoja. Naenda kuita mtu."

Akatoka na mvua. Msikitini wanaume walikuwa ndani, mistari imejaa mpaka barazani, na Nasir hakuonekana. Nyumba za jirani zilikuwa za wanawake na watoto, waume wakiwa mashambani. Alifika stendi ya bodaboda ameloa, kitambaa kimemwanguka mabegani.

"Nasir yuko wapi?"

"Nasir?" kijana mmoja akacheka chini ya mwavuli. "Amebeba mama mmoja wa kutoka Chwele na magunia yake yote. Huyo mama ni tani, mathe! Akirudi leo nitashangaa."

"Kuna nini, mathe?" mwingine akauliza.

Dinah akavuta kitambaa kichwani. Atasema nini? Kwamba Mzee Wekoye, aliyepita hapo miaka yote na koti lililopigwa pasi, amelala sakafuni kwenye uchafu wake? Pembeni alikuwako Daud, jirani wa nyuma, amelewa tangu asubuhi. "Ni yule afande?" Daud akasema kwa sauti. "Nikuje nimbebe? Nitambeba kama gunia, bana! Kushoto-kulia, kushoto-kulia!" Akapiga miguu kwenye matope. Vijana wakacheka.

"Hapana," Dinah akasema. "Hakuna kitu."

Akarudi. Njiani alijiambia kwamba Nasir atakuwa amefika. Hakuwa amefika. Alisimama tena kizingitini. Pumzi ya mzee sasa ilikuwa na mkwaruzo. Dinah alifikiria Emmy. Alimwona kwa sare yake ya shule, akamwona ametoka vidonda, akamwona amelala, akazuia mawazo. Alimwomba Mungu amlete mwanamume yeyote, hata mchuuzi, hata askari wa kanjo wa kufukuza wachuuzi. Mvua ikazidi kupiga mabati, na njia ikabaki tupu.

Ndipo alipokohoa. Mara mbili. Akavuta kitambaa mpaka kwenye nyusi, akaingia.

Hakumtazama. Aliinua uso kwenye mabati, palipokuwa na msumari unaovuja, akalishika tone kwa macho. Alipitisha mikono chini ya makwapa ya mzee. Alikuwa mwepesi vibaya, kama gunia la maganda. Alimvuta, akamtegemeza kitandani, akateleza, wakakaa wote wawili sakafuni, mgongo wa mzee kifuani pake. Mzee alitoa sauti ambayo Dinah hakuweza kuijua ilikuwa ya maumivu au ya aibu. Dinah naye alikuwa akisema, "Nisamehe, Baba, nisamehe, Baba," na macho juu, juu, kwenye tone. Alimpandisha. Alileta maji ya moto na kitambaa, akamwosha. Mkono ukajua. Shuka zilikuwa zimeloa zote, na mzee alitetemeka meno yakigongana. Kilichokuwapo kikavu ni lile blanketi jekundu juu ya sanduku. Dinah alilikunjua, akamfunika, akatoka kinyumenyume.

Alikaa jikoni akitazama mikono yake. Nasir alipofika, mvua ilikuwa imekatika.

"Mathe, niaje? Pole, nilishikwa. Buda yuko poa?"

"Amelala," Dinah akasema.

Sharifo aliporudi kesho yake aliona blanketi, akaona michubuko mkononi mwa mzee. Akaja kwenye kibaraza cha jiko. Dinah alimweleza yote, akilia. Sharifo akasikiliza, kofia yake mkononi.

"Mama Emmy," akasema, "wewe hukuona kitu. Na mimi sijasikia kitu."

"Lakini yeye anajua. Leo hataki kula. Amekasirika?"

"Ni mgonjwa, hawezi kumeza."

"Ama amekataa?"

Sharifo akavaa kofia, akarudi chumbani. Mzee aliendelea kufunga meno. Uji uliingia upande mmoja wa mdomo, ukatoka upande wa pili, na hakuna aliyeweza kujua kama ni koo ndilo lililokataa au ni moyo. Hesbon alipigiwa simu. Lori lilikuwa Lodwar, akasema anakuja.

Siku ile ya mwisho, Dinah alipeleka maji asubuhi, Sharifo akiwa bado hajafika. Alikohoa kizingitini. Alingoja kidogo, kama ilivyo desturi, ili mzee afumbe macho. Kisha akainama kuweka kikombe, na alipoinuka aliona macho yamefunguka. Yalikuwa yakimwangalia yeye. Miaka yote ile, hakuwa akijua kwamba macho ya mzee yalikuwa ya rangi ya chai, kama ya Emmy.

Dinah hakugeuka. Hakujua kwa nini. Alitafuta ndani ya uso ule jambo lolote la kushika: asante, au laana, au mwanangu. Mdomo uliopinda haukusema. Jicho la kulia lilikuwa likitoa machozi, lakini jicho lile lilitoa machozi tangu kiharusi, hivyo machozi hayakumwambia kitu. Wakatazamana mpaka hatua za Sharifo zikasikika uani. Kabla ya saa sita mzee akakata roho, na Hesbon bado alikuwa njiani.

Walimzika Malakisi, nyuma ya nyumba ya baba yake, pembeni ya shamba la tumbaku. Watu walikuwa wengi. Kofia yake ya jeshi na nishani yake viliwekwa juu ya jeneza, na wazee wawili waliotumikia naye walisimama wima mpaka mmoja akasaidiwa kuketi. Senge Sellah alikuwa akipanga vitu vya marehemu alipolikuta blanketi jekundu kwenye sanduku. Akalinusa, akaliinua mbele ya watu.

"Hiri ni ile ambayo haikupokewa," akasema. "Imetumika. Nani alimfunika nayo?"

Dinah alikuwa amesimama kati ya wanawake, akahisi ulimi wake ukipanda.

"Mimi," Sharifo akasema kutoka nyuma. "Kulikuwa na baridi. Mimi si wa ukoo, mama, sijui mambo yenu."

"Ninyi watu wa Kitare!" Senge Sellah akasema, lakini uso ukalegea. "Na ni wewe urikuwa unamwosha mpaka mwisho?"

Sharifo hakumtazama Dinah. "Ni mimi."

Basi mzee wa ukoo alipopewa nafasi ya kusema, alisimama na fimbo yake, akamsifu marehemu. Alisema Wekoye alilinda nchi, akalinda mke, akalinda mtoto. Kisha akanyoosha fimbo upande wa wanawake. "Na alilinda heshima yake. Alilala kitandani miezi, mwili umekufa, lakini hakuna mkwe aliyemwona, hakuna mkwe aliyemgusa. Amekwenda kwa baba zake akiwa mzima. Huyu mama hapa asifiwe. Wengine wa siku hizi wangeingia tu."

Wanawake wakapiga vigelegele. Hesbon akamtazama mkewe kwa shukrani, machozi yakimtiririka. Dinah alitaka kusema: alianguka sakafuni nikamwinua, alikuwa mchafu nikamwosha, alikufa safi. Lakini akisema, atamvua mzee kile anachosifiwa nacho, hapa, mbele ya kofia yake, na mzee hana mdomo wa kujitetea. Na Emmy alikuwa amesimama karibu na kaburi kwa sare yake ya shule, mzima, akilia.

Senge Sellah alimletea kiti, kile cha mbao chenye mgongo, ambacho hukaliwa na akina mama wakubwa wa ukoo.

"Keti, mwanangu," akasema. "Umestahiri."

Dinah akakitazama kiti. Akatazama viatu vyake, vimejaa udongo mwekundu mpaka kwenye kamba, na hapakuwa na wa kuvisugua. Kila mtu alikuwa akimngoja.

Akaketi.